Bwana Baadaye

Nyie, mimi Tessa Wolnik nilijua kabla ya redio! Nilijua kabla ya gazeti, kabla ya Norb anayejua kila kitu, na sikusema. Mimi! Mimi ambaye nyumbani wananiita kengele ya kanisa, nilifunga mdomo kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na sikupasuka. Sasa ruhusa ninayo, kwa hiyo kaeni. Lakini nianze mwanzo, maana nikianza na mwisho nitawaharibia utamu.

Hapa Buffalo wakati wa baridi besiboli hakuna, kwa hiyo watu wanaicheza kwa mdomo. Inaitwa ligi ya jiko, kwa sababu zamani wazee walikuwa wanakaa kuzunguka jiko la dukani wakibishana nani auzwe na nani anunuliwe. Kwetu Mtaa wa Clinton hakuna kilichobadilika. Jiko ni tanuri la bibi yangu, Busia Genia, na wabishi hawakosi. Kuna Norb Pasiak, mstaafu wa reli. Kuna Dolores Zientek, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote na mpaka leo anaongea kama nyuma yake kuna watoto wanarushiana viatu. Halafu kuna Rashawn Tibbs, mwalimu wa hesabu, anayekuja kwa ajili ya paczki, yale maandazi yetu ya jemu, na anaondoka akiwa amegombana na kila mtu. Mimi nauza. Nimemaliza chuo mwezi wa tano, shahada ya mawasiliano, na kwa sasa nawasiliana na mikate.

Timu yetu ni Mabaharia. Nisiwafiche, Mabaharia wamezama. Wamefungwa mpaka samaki wa ziwani wanatuonea huruma. Miaka minne sasa mwenye timu na mkuu wake wa usajili, kijana mmoja Pruitt asiyevaa soksi hata theluji ikimfika magotini, wanatuimbia wimbo mmoja: tunajenga upya. Basi mwezi wa saba, katika huko kujenga, wakamtoa Dario Quiñones.

Dario alikuwa mdakaji wetu, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kuupokea kila mpira unaorushwa. Misimu tisa amechuchumaa pale. Wakampeleka Portland, timu iliyokuwa inawania ubingwa. Na sisi tukapewa nani? Shikeni roho zenu. Tukapewa "mchezaji atakayetajwa baadaye".

Msicheke, ni desturi ya zamani kwenye mchezo huu. Unamtoa wako leo, wenzako wanakuahidi mtu ambaye jina lake mtakubaliana kabla ya miezi sita kwisha. Ni kama kutoa ng'ombe ukaambiwa na wewe utaletewa mnyama, utamjua akishafika zizini.

Hapo ndipo Busia alipokasirika. Kwa kweli hakukasirika kwa kelele, na bora angepiga kelele. Alizima redio ya jikoni, ile ambayo babu aliipigilia ukutani, na hakuiwasha tena.

Inabidi mjue habari ya keki. Tangu enzi za babu, kila mchezaji mpya akija mjini, klabu inaagiza keki kwetu. Juu yake tunaandika kwa krimu "Karibu Buffalo", na chini jina lake. Miaka tisa nyuma Busia aliandika ya Dario, na akasahau kile kimkia kinachokaa juu ya n yake. Kesho yake kijana akaja dukani mwenyewe, ameshika boksi.

"Mama, keki ni nzuri sana," akasema, "ila mmemkaribisha mtu mwingine."

Busia aliona aibu mpaka shingo ikawa nyekundu. Jina lake la usichana ni Michałek, lile lenye kimstari kinachoikata l, na baba yake alipofika nchi hii makarani walikifuta kimstari, kisirudi tena. Anajua jina likikatwa kipande linauma wapi. Akamwambia Dario anawe mikono, akampa mfuko wa krimu, na Dario akamwonyesha: unaanza chini, unapanda, unashuka, unapanda tena kidogo, kama wimbi la mtu mvivu. Toka siku hiyo kila Jumatatu ya mapumziko alikuja kuchukua mkate mweusi, na Busia alimfokea kuhusu mipira aliyoidondosha kama anamfokea mwanawe.

Basi Mabaharia walipomtoa kwa mtu asiye na jina, Busia alisimama mbele ya kabati la vioo, mkono kiunoni, akatangaza mbele ya wote: "Viti vyangu vya uwanjani, pale kando ya kituo cha tatu, silipii tena. Siku watakaponipa mtu aliye sawasawa na Dario, siku hiyo nitalipa. Kabla ya hapo mniache nioke mkate wangu."

Viti vyenyewe ni viwili, kimoja chake, kimoja cha babu ambacho mimi nimekirithi. Na mwenye timu, badala ya kununua warushaji, ameamua kujenga vibanda vya vioo kwa ajili ya matajiri, palepale kituo cha tatu. Waliokuwa na viti vya zamani wakapewa mpaka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, saa sita mchana, kuthibitisha. Asiyethibitisha, kiti chake kinageuka kioo. Ndiyo basi tena, hakirudi.

Mimi vioo vingenipita tu. Kilichonitisha ni Busia. Tangu mwezi wa nane alianza kulala mchana. Busia! Mtu ambaye akimaliza kuoka huwa anakuja kukosoa namna ninavyofunga mifuko. Alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na ile redio iliyozimwa, anaangalia mikono yake. Miaka miwili sasa mikono inamtetemeka, majina ya keki naandika mimi. Nikawaza, huyu akipoteza na uwanja, atabaki na nini cha kumtoa nje ya mlango huu?

Sasa dukani kazi ikawa moja: Bwana Baadaye ni nani? Jina hilo alilitunga Dolores, na likashika mtaa mzima. Klabu nayo ilishaagiza keki yake tangu mwezi wa saba, jina litafuata. Kwenye ubao wetu jikoni imeandikwa hivyo hivyo: keki moja ya siagi, jina baadaye.

"Ni Muñiz," Norb alikuwa anasema kila asubuhi kabla hata ya salamu. "Yule mrushaji wao wa miaka kumi na tisa. Ana mkono kama manati. Mtakuja kunishukuru."

"Muñiz wakupe wewe kwa lipi?" Dolores akamrukia. "Watatupa begi la mipira, Norb. Iliyotumika."

"Tatizo lako huna subira. Nyumba mbovu huipaki rangi. Unabomoa, unachimba msingi, unaanza upya."

"Mwaka wa nne tunachimba! Tumeshafika kwenye maji! Hiyo siyo nyumba tena, baba, ni kisima."

Rashawn akafuta sukari mdomoni. "Tuseme ukweli, jamani. Dario ana miaka thelathini na minne. Magoti ya mdakaji yakifika umri huo, hesabu zinasema..."

"Magoti yangu yana themanini na moja," sauti ya Busia ikatoka jikoni, "na hayo maandazi unayokula yamepikwa na hayo magoti."

"Samahani, mama Genia."

"Kula."

"Na mshahara wake waliouokoa uko wapi?" Dolores akaendelea, anahesabu kwa vidole vitupu. "Umekwenda kwenye vioo! Mrushaji hatuna, mpigaji hatuna, vioo tunavyo. Wageni wakija kutufunga, angalau wataona sura zao."

"Timu changa haihitaji mishahara mikubwa," Norb akasema. "Yule mdakaji mdogo tuliyempandisha, Whitlow, apewe nafasi, akosee, ajifunze."

"Kukosea ameshajifunza. Sasa afundishwe kudaka."

Mimi, kusema kweli, swali langu lilikuwa jingine, na lilikuwa linaniwasha usiku na mchana. Nikamuuliza Rashawn: "Hivi Bwana Baadaye mwenyewe anajua kwamba ndiye? Yaani sasa hivi yupo mahali, anapiga mswaki, na hajui kwamba yeye ndiye malipo ya Dario?"

"Huenda hata hawajamchagua. Wana orodha, wanamwangalia huyu, wanamwangalia yule."

"Kwa hiyo hayupo?"

"Yupo. Ila bado hajawa yeye."

Nyie, nilishindwa kula. Yupo ila bado hajawa yeye! Nikawa nampa sura. Leo mrefu, kesho ana ndevu, keshokutwa ni mtoto wa mchungaji anayeogopa ndege. Mwezi wa kumi na moja ukaisha na jina halijaja, na Busia hajalipa, na ukimgusia viti anakwambia tanuri linaungua.

Ikafika Jumamosi yenyewe. Theluji imetoka ziwani usiku kucha, magari yamegeuka vichuguu, lakini wabishi wetu watatu walikuwa mlangoni kabla sijageuza kibao. Saa nne simu ikalia. Ni Peg, mama wa ofisi ya klabu, yule anayeagiza keki zote.

"Tessa, shika kalamu. Ile keki ya jina baadaye. Jina limekuja. Tunatangaza saa tisa, dereva atapita kuichukua hapo hapo."

"Sema."

"Nakutajia herufi." Nikabana kalamu. "Q."

Majina mangapi yanaanza na Q?

"U," akasema. "I. N, ile yenye..."

"Peg! Usiniambie."

"Ndiyo nakwambia."

"Yule yule?"

"Yule yule, mwanangu. Alivunjika kidole gumba mwezi wa nane, Portland wakamshusha timu yao ya chini, wakashindwa kukubaliana na Pruitt watupe nani. Mwisho wakasema, basi chukueni huyu huyu. Nimecheka asubuhi yote, au nimelia, hata sielewi. Na Tessa, mpaka saa tisa!"

Nikakata simu. Nikaingia kwenye chumba cha baridi, nikazungukazunguka kama kuku. Mnaelewa? Tulimtoa Dario, tukapewa Dario. Bwana Baadaye ni Dario! Busia aliapa atalipa siku atakayopewa mtu sawasawa na Dario, na duniani hapa nani yuko sawasawa na Dario kuliko Dario? Lakini tangazo saa tisa, viti saa sita!

Mtasema, si umwambie tu bibi yako? Hamumjui. Kuna sheria jikoni kwetu, kubwa kuliko zote, na aliitunga yeye: jina la kwenye keki halitoki jikoni kabla halijatoka redioni. Anayeandika ndiye anayejua, peke yake. Mama yangu mwenyewe aliwahi kunyang'anywa ufunguo kwa kumwambia baba. Ningemwambia Busia jina, angeziba masikio, halafu angenifukuza kazi, halafu viti vingekwenda vile vile, maana angesema habari ya wizi haihesabiki.

Nikajaribu kupita pembeni. "Busia, mtu akikupa kitu ambacho..."

"Wewe kengele, mikate mitatu imefungwa vibaya. Unataka nini?"

"Basi."

Nikaandika keki. Karibu Buffalo, Dario Quiñones. Nikafika kwenye n, nikainua mfuko wa krimu nikiweke kile kimkia, na hapo, jamani, ndipo akili iliponijia. Anayeandika ndiye anayejua. Sheria ni hiyo, haijasema lazima niandike mimi.

Nikachukua vitambaa viwili vya mkate nikaifunika keki, kimoja kushoto, kimoja kulia, nikaacha kijinafasi kama cha kidole. Ndani yake inaonekana n moja tu, imekaa peke yake, kichwa wazi. Saa ya ukutani ilishapita tano na nusu. Kule mbele Dolores alikuwa anamwambia Norb kwamba akili yake ingekuwa treni, ingefika kesho.

"Busia, njoo unisaidie mwandiko."

"Mikono yangu unaijua."

"Ni alama moja tu. Mimi nitaiharibu, na mwenye jina ataona tumemkaribisha mtu mwingine."

Akageuka polepole. Akanawa, akajifuta, akaja akaiangalia ile n.

"Muñiz," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe Norb alipatia. Yule mtoto mwenye manati." Akavuta pumzi. "Mtoto mzuri, wanasema. Lakini siye sawasawa na Dario."

Nyie! Sikulifikiria hilo hata kidogo! Ile alama wanayo wengi! Nimepanga mtego mzima kisha nimeuacha mlango wazi. Na siwezi kusema siyo. Nikang'ata kitambaa changu cha kichwa.

"Weka tu, Busia," nikasema.

Akashika mfuko. Mkono ukatetemeka, akaushika kwa mkono wa pili, akaanza chini, akapanda, akashuka, akapanda tena kidogo. Wimbi lilitoka limelewa, lakini lilikuwa wimbi. Akarudi nyuma hatua moja kulitazama, kichwa upande, kama anavyotazama kila kazi yake. Na kitambaa cha kushoto, sikukigusa, naapa, kilikuwa kifupi tangu mwanzo. Chini ya ukingo wake kulikuwa kumechungulia kitone cha krimu, kimejikunja kuelekea kulia.

Busia akainama.

"Huu mkia mwingine wa nani?"

Nikajitia kuangalia tanuri.

"Tessa. M haina mkia chini."

"Haina, Busia."

"Jina lenye mkia juu na mkia chini." Akainua kidole akakishusha hewani, akaandika herufi kubwa ya duara, akaimalizia kwa kimkia. "Nimeandika majina ya vijana hawa miaka hamsini. Lenye mikia miwili nimeliandika mara moja tu."

"Mimi sijasema kitu."

"Hujasema." Akanitazama. "Umesikia vizuri kwenye simu? Siyo kwamba wewe una hamu ukasikia unachotaka?"

"Nimetajiwa herufi moja moja."

"Siyo keki ya kumuaga?"

"Soma juu." Nikafunua kidogo upande wa juu tu. Karibu Buffalo.

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu majira ya joto, kile cha kushika meza.

"Mabwege," akasema. "Mabwege wakubwa. Wamekwenda sokoni na kuku, wamerudi na kuku yule yule, na manyoya pungufu." Akafuta macho kwa kiwiko. Halafu akaangalia saa. "Mbona umesimama? Nipe simu!"

Nilipiga mimi, maana vitufe vinamshinda. Ilikuwa inalia bila kupokelewa. Inalia. Busia ananikazia macho kana kwamba simu ni kosa langu. Ikapokelewa na kijana mmoja aliyesema wanakaribia kufunga orodha, naomba jina.

"Genevieve Wolnik," Busia akapaza sauti kwenye simu, kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "Kituo cha tatu, safu ya nne. Viwili. Ndiyo, viwili! Na kabla ya kioo chenu!" Halafu akaongeza, "Na andika la usichana pia, Michałek, na kimstari kwenye l." Yule kijana bila shaka alisema kompyuta haina kimstari. "Basi chora kwa kalamu, mwanangu. Nitakuja kuangalia."

Akanirudishia simu, akavua aproni, akaenda akawasha redio.

Norb akachungulia kutoka kule mbele. "Genia? Umewasha redio?"

"Inakula umeme wako?"

"Hapana, lakini..."

"Basi kaa."

Hawakuondoka tena, hata chakula cha mchana. Walinusa jambo. Rashawn alininunulia andazi nililomuuzia mwenyewe, akalisukuma kwangu. "Tessa, unajua kitu." Nikajaza mdomo andazi ili usiseme. Dolores akaniambia macho yangu yametoka kama ya samaki. Busia alipita katikati yao na trei, uso umetulia, anaimba ndani kwa ndani.

Saa tisa redio ikasema. Mtangazaji mwenyewe alicheka katikati ya sentensi, ikabidi aanze upya.

Wakapayuka wote kwa pamoja.

"Wameturudishia wetu wenyewe!" Dolores alipiga kaunta mpaka sarafu za bakshishi zikaruka. "Tumejiuza tukajinunua! Tena na kidole kimevunjika! Mimi nilisema begi la mipira, kumbe begi la mipira lingekuwa na faida!"

"Ngoja, ngoja," Rashawn alikuwa ameshatoa kalamu. "Portland wamemlipa mshahara wa miezi miwili. Kwa hesabu tu, Pruitt hajapoteza."

"Hesabu yako ina moyo?"

"Haina, mama Dolores, ni hesabu."

Norb ndiye aliyenihuzunisha. Alikaa ameshika kofia yake. "Na Muñiz?" akauliza, kama mtoto aliyeambiwa safari imeahirishwa. "Tunajengaje upya kwa tofali la zamani?"

Halafu Dolores akageuka taratibu, akamwangalia Busia, akaangalia redio, akaangalia Busia. "We Genia. Uliwasha saa sita kasoro. Na nilikusikia unamfokea mtu kuhusu safu ya nne. Ulijuaje?"

"Sikujua kitu," Busia akasema. "Niliombwa kuweka mkia, nikaweka."

Na mimi hapo, jamani, ndipo nilipopasuka. Nilisema yote kwa pumzi moja, Peg, chumba cha baridi, vitambaa, manati, mpaka Rashawn akaniletea maji.

Sasa habari ya jana Jumanne, na hii ndiyo mpya kabisa. Mlango ulifunguka, theluji ikaingia, na nyuma ya theluji Dario, kidole gumba kimefungwa kama mtoto mchanga, mkono mwingine ameshika boksi la keki. Haijakatwa.

"Mama," akamwambia Busia, "siwezi kula keki ya kukaribishwa peke yangu kwenye mji ambao mke wangu na watoto wangu hawajawahi kuuhama. Na hii n imelewa."

"Futa viatu," Busia akasema. Akachukua boksi, akaenda nalo jikoni akakaa huko kidogo, eti anatafuta kisu, na kisu kiko kwenye kaunta.

Mimi sikuweza kungoja. "Dario, nina swali. Ulijua? Wakati wote huo, ulijua kwamba wewe ndiye?"

Akacheka, akakuna shavu kwa ile bandeji. "Nilikuwa na hamu kuliko nyie wote. Nakaa kwenye basi la timu ya chini, mkono kwenye barafu, namwangalia huyu, namwangalia yule, nawaza: nani kati ya hawa atatosha kulipa misimu yangu tisa? Mrushaji mmoja nilimchagua kabisa, Muñiz, mtoto wa ajabu."

"Si nilisema!" Norb akasimama.

"Nikampigia mke wangu nikamwambia, Buffalo watapewa Muñiz, mimi nina thamani ya Muñiz. Nikalala vizuri." Akatazama keki ikirudi mikononi mwa Busia. "Kisha wakaniita ofisini wakanipa tiketi, nikasoma pa kwenda. Nikauliza, na aliyetajwa ni nani? Wakaangaliana."

Tulikula. Keki ilikuwa na siku tatu lakini siagi ya Busia haizeeki. Kipande chenye n hakuna aliyekigusa, kikabaki katikati ya sahani. Ubishi ukarudi pale pale ulipokuwa, sasa mhusika mwenyewe akiwepo, anatafuna.

"Sikia, Genia, nisikufiche," Norb akasema, "na wewe Dario usinichukie. Whitlow ndiye mdakaji wa kesho. Huyu watamweka amfundishe yule mtoto. Hatacheza. Msimu mzima atakaa benchi."

Dario aliitikia kwa kichwa, ni kweli.

Busia akachukua kile kipande chenye n, akakiweka kwenye sahani ya Dario.

"Na mimi kule nakwenda kucheza?" akasema. "Si nakwenda kukaa."